Je, Wajua? Nukta za Seurat, Shanga za Mbulu

Mnadani Katesh, mama wa Kibarbaig akikatiza na shanga zake, macho yako yanafanya kazi ileile waliyoifanya macho ya watu wa Paris mwaka 1886 mbele ya picha iliyowaacha wengine wakicheka na wengine wameduwaa. Siri ni moja. Usizikoroge rangi. Ziweke jirani, chembe kwa chembe, halafu liachie jicho limalizie. Humu nimekukusanyia maajabu ya siri hiyo: machache ya Ufaransa, mengi ya kwetu, kuanzia milima ya Mbulu na mbuga za Hanang hadi barazani kwa wachoraji wa Dar es Salaam.

Picha yenye ukubwa wa doti mbili za kanga

Georges Seurat alizaliwa Paris tarehe 2 Desemba 1859. Kuanzia 1884 hadi 1886 alihangaika na picha moja: watu wa mjini wakipunga upepo siku ya Jumapili kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, ndani ya mto Seine. Upana wake unazidi kidogo mita 3, kimo chake mita 2. Chukua doti mbili za kanga, unganisha vipande vyote vinne, na utakuwa umeukaribia ukubwa wake. Kabla ya kufika hapo alikuwa amefanya michoro ya majaribio takriban 60, mingine akiwa palepale kisiwani.

Sasa isogelee. Bibi mwenye mwavuli anatoweka, na kima wake mdogo aliyefungwa kamba anatoweka naye. Kinachobaki ni vistari na nukta: njano na chungwa pale jua lilipopiga kwenye nyasi, bluu kwenye vivuli. Rudi nyuma, na watu wote wanarejea mahali pao. Mkosoaji Félix Fénéon aliupa mtindo huo jina mwaka huohuo wa 1886: Neo-Impreshonizimu. Mchoraji mwenyewe alikuwa na miaka 26.

Mita 7 tu, na shanga zinayeyuka

Jicho zima lina kikomo chake. Vitu viwili vikikaribiana hadi pembe iliyo kati yao, ikipimwa kutoka ulipo, ikawa chini ya sehemu 1 ya 60 ya digrii 1, jicho linaviona ni kimoja. Tuifanyie hesabu hiyo kwenye shanga: ushanga wenye upana wa milimita 2 huanza kuungana na jirani yake mtazamaji akiwa umbali wa kama mita 7. Mstari wa shanga nyekundu na nyeupe zilizopishana, ambazo mkononi unazihesabu moja moja, ukiwa ng'ambo ya uwanja ni mstari wa waridi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Husemwa kwamba nukta zikichanganyika jichoni hutoa rangi kali kuliko rangi iliyokorogwa. Si kila mara. Nukta za rangi nyekundu na za kijani zikipakwa jirani, ukizitazama kutoka mbali utapata njano iliyopoa, inayoelekea kijivu. Utamu wenyewe uko katikati, pale ambapo umbali haujatosha kuziunganisha nukta wala haujapungua kiasi cha kuzitenganisha. Jicho linasitasita, na picha inametameta. Wapenzi wa Seurat huenda mbele na kurudi nyuma wakiutafuta umbali huo. Mnadani huna haja ya kusogea, kwa sababu mwenye shanga ndiye anayetembea.

Nyeusi ilikuwa safi, mkosaji alikuwa jirani

Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mapazia makubwa ya kupamba kuta. Akakuta malalamiko mezani: nyuzi nyeusi hazikolei. Akazichunguza, akazilinganisha na nyeusi za viwanda vingine, akaona hazina kasoro yoyote. Kumbe nyeusi ikifumwa kando ya bluu au zambarau, ndipo inapoonekana imechujuka. Kila rangi humsukuma jirani yake aelekee upande ulio kinyume nayo: nyekundu humpaka jirani kivuli cha kijani, bluu humpaka kivuli cha chungwa.

Alilichapisha jambo hilo mwaka 1839, na kijana Seurat akalisoma na kulifanyia kazi. La kupendeza zaidi ni kwamba Chevreul, aliyezaliwa 1786, alitimiza miaka 100 mwaka uleule picha ya Grande Jatte ilipotundikwa hadharani kwa mara ya kwanza. Alifariki 1889, akiwa na miaka 102.

Samli huifanya bluu ing'ae

Sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kibarbaig aliyeolewa ni vazi la heshima kubwa, na hulainishwa kwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe hadi ngozi ikaiva kuwa kahawia nzito. Tazama kinachotokea shanga zikikaa juu yake. Kahawia, ukiichambua, ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, na mwenzake wa upande wa pili katika duara la rangi ni bluu. Kwa hiyo ushanga wa bluu juu ya ngozi hiyo unasukumwa uwe bluu zaidi, na mweupe unachomoza kama umewashwa. Ni sheria ya Chevreul, ikifanya kazi Hanang, kwa samli na ngozi ya zizini.

Mwari alitoka ndani amevaa kazi ya mikono yake

Zamani, msichana wa Kiiraqw aliyekaribia umri wa kuolewa aliingia kwenye mafunzo yaliyoitwa marmo. Wasichana waliwekwa ndani kwa miezi, mbali na macho ya wanaume, wakifundwa na wanawake wakubwa. Huko ndani kila mmoja alishona sketi yake ya ngozi na kuipamba kwa shanga, ushanga baada ya ushanga. Siku ya kutoka, aliivaa mbele ya watu.

Ukipata bahati ya kuiona moja, hata kwa picha, usiharakishe. Kuna mistari inayofuata ukingo wa ngozi, kuna miduara ndani ya miduara, kuna nyeupe, nyekundu, bluu, njano na nyeusi, kila moja imewekwa pale ambapo jirani yake ataiinua. Wairaqw humwita Mungu Looaa, na jina hilohilo ni la jua. Mimi nikiitazama miduara hiyo nikiwa na habari hiyo kichwani, siwezi kuacha kuliona jua. Kumbuka pia kwamba ngozi hairuhusu makosa mengi. Mchoraji akikosea hupaka juu ya kosa. Mshona shanga akikosea hesabu upande mmoja wa duara, duara haliungani, na inabidi afumue.

Utawala wa Waingereza uliipiga marufuku marmo, na darasa lililotoa kazi hizo likafungwa. Sketi zenyewe zilitawanyika. Nyingine leo ziko kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji wa ng'ambo, hazina saini, na kibao kilicho kando yake hakimtaji aliyezishona. Inaniuma kwamba mtoto wa Dongobesh anaweza kumaliza shule akimjua Picasso bila kuambiwa kwamba bibi wa bibi yake alikuwa bingwa wa rangi.

Shanga zilizoitwa “kivunja mji”

Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa misafara iliyotoka pwani mkabala na Zanzibar walibeba shanga za kioo kama tunavyobeba noti leo. Richard Burton, aliyeifuata njia hiyo hadi Ujiji mwaka 1857 na 1858, aliandika kwamba aina zake zilifika takriban 400. Ghali kuliko nyingi zilikuwa samesame, nyekundu za kumeremeta, na moja ya majina yake ya mitaani lilikuwa kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozigombea.

Zilikuwa na ujanja gani? Ndani zilikuwa nyeupe. Ganda jembamba la kioo chekundu lilifunika kiini cheupe, mwanga ukapenya ganda, ukagonga nyeupe, ukarudi nje umebeba wekundu. Mafundi wa Venice walikuwa wameligundua hilo. Seurat na rafiki yake Paul Signac walifuata hekima ileile, maana walipenda kuchora juu ya kanvasi iliyopakwa nyeupe kwanza ili mwanga upate mahali pa kurudia.

Njano ya Paris ilikufa, nyekundu ya Kolo ingali hai

Rangi moja ilimsaliti Seurat. Ni njano mpya ya dukani, iliyotengenezwa kwa madini ya zinki, aliyoitumia kwenye nyasi za Grande Jatte ili zing'ae kwa jua. Haikupita miaka 10 ikaanza kugeuka kahawia. Mwaka 1892 Fénéon alikuwa tayari analalamika kwa maandishi. Nukta zilizokusudiwa kuwa jua leo zinaonekana kama majani makavu. Mwaka 2004 jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, linaloitunza picha hiyo, liliomba msaada wa wataalamu wa rangi, wakaihuisha kwa kompyuta ili watu waone ilivyokuwa zamani. Watazamaji wa kwanza waliona picha yenye mwanga mwingi zaidi kuliko hii tunayoijua sisi.

Sasa toka Katesh, pita Babati, shika barabara ya Kondoa. Baada ya Bereko utafika Kolo. Juu ya miamba ya huko kuna twiga, tembo, pofu na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wote kwa rangi nyekundu. Walichorwa na wawindaji waliotangulia, wengine maelfu ya miaka iliyopita, na bado wapo. Mary Leakey alitumia mwaka 1951 akiinakili michoro hiyo, na mwaka 2006 eneo lote, lenye kilomita za mraba zaidi ya 2,300, likaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kwa nini nyekundu ile imedumu? Kwa sababu ni kutu. Ni madini ya chuma yaliyokwisha kuungana na hewa zamani za kale, jamaa wa karibu wa kinachoufanya udongo wa Mbulu uwe mwekundu. Kutu haina pa kwenda tena: jua haliichomi na hewa haiigeuzi. Duka la Paris liliuza rangi mpya kabisa, na wachoraji wa Kondoa walichagua iliyokwisha kuzeeka. Baadhi ya miamba hiyo, kama Mungumi wa Kolo, ingali mahali pa matambiko, kwa hiyo ukienda, nenda kwa adabu.

Shanga ni wazee kuliko michoro mingi

Kabla ya kioo, ushanga ulikuwa ganda la yai la mbuni, lililovunjwa, likatobolewa, likasuguliwa hadi likawa duara. Shanga hizo zimechimbuliwa Kisese, huko huko Kondoa, na kwenye pango la Mumba kando ya ziwa Eyasi, jirani kabisa na bonde la Yaeda wanakoishi Wahadzabe wa Mbulu. Umri wake unavuka miaka 40,000.

Mwaka 2021 watafiti Jennifer Miller na Yiming Wang walichapisha matokeo ya kupima shanga za mbuni zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika. Waligundua kwamba miaka 50,000 iliyopita watu waliotenganishwa na kilomita kama 3,000 walikuwa wakitengeneza shanga za mtindo mmoja. Nyingi zilikuwa na rangi ya yai tu. Mikono ya pande hizi ilikuwa imezoea kupanga nukta muda mrefu mno kabla kioo cha rangi hakijafika.

Heroe hula rangi yake

Heroe, ndege ambaye wengi tunamwita flamingo, huanguliwa akiwa wa kijivu. Waridi yake anaila: iko ndani ya viumbe vidogo vya majini anavyovichuja kwa mdomo wake uliopinda. Kutoka juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kundi lao kwenye ziwa Manyara ni utepe wa waridi usio na mwanya, na ni wale wa kule chini kabisa, ufukweni, wanaojua kwamba utepe huo una shingo na miguu.

Mzee wa miaka 55 alimfuata kijana

Camille Pissarro alikuwa mmoja wa vigogo wa uchoraji Ufaransa, mwenye miaka 55, alipoacha mtindo wake na kuanza kuchora kwa nukta za Seurat. Alidumu nao miaka michache, akauacha: ulikuwa unamchelewesha mno. Lakini mbegu ilisambaa. Mwaka 1904 Henri Matisse alikaa kiangazi na Signac huko Saint-Tropez, akajaribu nukta, akaziona zinambana, akazipanua zikawa mabaka makubwa ya rangi tupu. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliitwa wanyama wa mwituni kwa ukali wa rangi zao, na uchoraji wa karne ya 20 ukawa umefunguliwa mlango.

Rangi ya baiskeli ilizaa shule ya uchoraji

Kama kuna Mtanzania ambaye habari yake inapaswa kukaa kando ya ile ya Seurat, ni Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam kutafuta riziki. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Rangi za wachoraji, zile za vibomba kutoka Ulaya, hakuwa nazo. Akachukua kilichokuwa dukani: rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na vipande vya hadibodi ya dari vilivyokatwa miraba ya kama sentimita 60 kwa 60.

Rangi hiyo ina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo iliyoujenga mtindo. Ni nzito, inang'aa, na haipendi kulainishwa ikaingia ndani ya jirani yake taratibu kama zile za vibomba. Basi Tingatinga hakuilazimisha. Alipaka usuli kwa rangi moja tambarare, akangoja, akaweka mnyama juu yake, akangoja, akaweka madoa. Rangi 4, 5 au 6 zilimtosha kwa picha nzima. Mtazame chui wake: mwili mmoja wa rangi moja, na juu yake nukta kwa nukta, kila moja na mpaka wake. Seurat aliziacha rangi bila kuzikoroga kwa sababu alikuwa amesoma vitabu vya sayansi. Tingatinga alifika jirani na hapo kwa kukisikiliza kilichokuwa kwenye kopo.

Picha zake ziliuzwa kandokando ya Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wageni na wenyeji waliokuja kununua mahitaji ya nyumbani.

Miaka 4 tu

Tingatinga alichora kwa takriban miaka 4. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi jijini Dar es Salaam wakimdhania mhalifu aliyekuwa akitoroka. Seurat naye alifariki ghafla kwa maradhi mwaka 1891, akiwa na miaka 31, baada ya kazi ya muongo mmoja hivi na picha kubwa 7. Kila mmoja aliacha marafiki waliokataa mtindo wake uzikwe naye. Signac aliandika kitabu cha kuutetea mwaka 1899. Upande wetu walikuwepo ndugu na wanafunzi: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Matambwe, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata, ambaye alihamia Kenya na baadaye akapendwa sana na Wajapani.

Mwaka 1990 wachoraji wakaunda ushirika wao, na palepale Oyster Bay bado wanafundishana kwa kukaa chini pamoja, mdogo akijaza usuli wa mkubwa. Wanyama wa mtindo huo walifika hata kwenye televisheni za watoto duniani kupitia katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi. Na jina la mtu mmoja limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Seurat, pamoja na umaarufu wake wote, hakulipata hilo.

Jumba lililoponea moto na picha ya mbege

Mwaka 1958 Grande Jatte ilisafiri kutoka Chicago kwenda kuonyeshwa kwenye jumba la MoMA, New York. Tarehe 15 Aprili moto ukazuka ndani ya jumba hilo. Picha iliokolewa salama, na tangu siku hiyo haijaondoka tena Chicago.

Miaka 2 baadaye, MoMA hiyohiyo ilinunua picha ya Mtanganyika: Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyesoma Makerere kisha London. Inaonyesha wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Usiku wake ameujaza kwa rangi bapa, bila kuificha migomba ndani ya giza. Tanganyika ilipopata uhuru, mchoraji huyohuyo akaenda London kuwa balozi.

Ngano, alizeti na mlima wa bluu

Februari 1888, saa chache kabla ya kupanda treni kwenda kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh na nduguye Theo walipitia studio ya Seurat. Vincent alipofika Arles akachora mashamba ya ngano mwezi Juni, na alizeti mwezi Agosti, njano juu ya njano, na kila alipotaka njano ipige kelele akaipa bluu jirani.

Mkulima wa Hanang anavyo vyote viwili, ngano na alizeti, na anacho cha ziada. Simama upande wa Basotu ngano ikiwa imeiva, elekeza macho kwenye mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400. Ukiwa mbali mlima ni wa bluu, ingawa ukiukaribia ni msitu wa kijani na mawe. Hewa iliyo kati yako na mlima hutawanya mwanga wa bluu kuliko wa rangi nyingine, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi, ndivyo bluu inavyoongezeka. Kwa hiyo chini una njano, juu una bluu, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Bado nasubiri mchoraji wa Katesh atakayelifanya shamba hilo lijulikane kama la Arles.

Kijani cha kalenda hakina wino wa kijani

Chukua kalenda ya ukutani yenye picha ya mbuga, na kioo cha kukuzia. Nyasi za kijani utazikuta ni nukta za samawati na nukta za njano zikikaa pamoja, nyingine zikipandana. Picha nyingi za magazeti na vitabu vya shule huchapwa kwa wino wa aina 4 tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Maelfu ya rangi unazoziona zote zinamaliziwa na jicho lako.

Njano isiyokuwepo

Kioo cha simu nyingi za sasa kina nukta 1,080 kwa 2,400, yaani zaidi ya milioni 2.5, na zote zimejengwa kwa vitaa vya rangi 3 tu: nyekundu, kijani na bluu. Hamna taa ya njano. Njano hupatikana kwa kuwasha nyekundu na kijani pamoja, na hapa, tofauti na ilivyo kwenye rangi za kupaka, matokeo yake ni njano kali kabisa, kwa sababu mwanga unaongezwa juu ya mwanga.

Unaweza kulithibitisha jioni hii. Fungua picha ya alizeti kwenye simu, chovya ncha ya kidole kwenye maji, na udondoshe tone dogo sana juu ya petali. Tone litafanya kazi ya kioo cha kukuzia. Utaona vijistari vyekundu na vya kijani vimepangwa bega kwa bega, na njano huioni popote.